Maiki ya hedseti haionekani kwenye Linux: itafute, itengeneze, kisha ipeleke kwenye kerneli

Kila wiki naulizwa maswali yale yale. "Nimeweka Linux kwenye laptopu, spika zinalia vizuri, lakini maiki ya hedseti haipo kabisa kwenye orodha. Ninunue kadi ya sauti ya USB?" "Nirudi Windows?" "Ni lazima nijue lugha ya programu ya C ndipo niguse draiva?" Jibu la yote matatu ni hapana, na huu mwongozo ndio jibu refu.

Aliyenifanya nilichukulie jambo hili kwa uzito ni mwalimu mmoja wa sekondari, mtu mzima, aliyeniletea laptopu used ya Ulaya aliyoinunua Kariakoo. Alikuwa anarekodi masomo na kuwatumia wanafunzi wake kwa simu. Nikamwamkia, akaniwekea mashine mezani.

"Mwanangu, hii kompyuta mimi naisikia. Yenyewe hainisikii."

"Hedseti yako nzima, mwalimu. Kompyuta ndiyo haijaambiwa kwamba kwenye tundu hili kuna maiki."

Dakika kumi zilitosha. Alipoondoka alikuwa anaongea na mashine yake kwa furaha. Lakini wiki mbili baadaye akaja kijana na laptopu ya aina ileile kabisa, na tatizo lilelile, nikairudia kazi yote tangu mwanzo. Hapo nikaona kwamba nilichomfanyia mwalimu kilikuwa nusu ya kazi. Rekebisho lilikuwa limelala ndani ya diski yake peke yake. Lingekuwa limepelekwa kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux kinachobeba draiva za mashine zote, yule kijana asingepanda daladala kunifuata, na wala asingenijua. Ndiyo maana mwongozo huu hauishii pale maiki inapoanza kufanya kazi.

Kwa nini maiki inapotea

Laptopu nyingi zinatumia mfumo wa sauti uitwao HD Audio, ambao Intel waliutoa mwaka 2004. Ndani yake kuna chipu ndogo, kodeki, na mara nyingi ni ya Realtek. Kodeki ina pini kadhaa: hii inakwenda spika, ile tundu la hedseti, nyingine maiki ya ndani. Kiwanda kinatakiwa kuandika kwenye BIOS (programu inayoamka kwanza mashine ikiwashwa) kila pini imeungwa wapi, na draiva ya Linux inasoma maandishi hayo na kuyaamini. Kiwanda kikiandika kwamba pini ya maiki haikuungwa popote, wakati waya upo, Linux itaiacha. Windows inaponea hapo kwa sababu draiva yake huja na maelezo ya pembeni yaliyotengenezwa kwa mashine hiyohiyo.

Upande wetu, ndani ya draiva kuna jedwali refu la mashine zenye maandishi mabovu, kila moja na rekebisho lake. Kazi ya leo ni kuongeza mstari mmoja kwenye jedwali hilo. Nadharia inaishia hapa.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Laptopu yenyewe yenye tatizo, mkononi mwako. Kiraka (faili dogo lenye badiliko lako la msimbo) cha mashine ambayo hukuijaribu usikitume.
- Hedseti nzima. Tazama jeki yake: ikiwa na mistari mitatu ina maiki, ikiwa na miwili haina. Usipite hapa haraka. Nimeona mtu akihangaika kutwa nzima na hedseti ya mistari miwili.
- Linux iliyokwisha kuwekwa. Amri zangu ni za Debian na Ubuntu.
- Gigabaiti 20 za nafasi kwenye diski ili usibanwe.
- Bando. Msimbo wa kerneli kwa njia fupi ni mamia ya megabaiti. Ukichukua na historia yake yote ni gigabaiti kadhaa.
- Barua pepe unayoweza kuitumia kutoka terminali.
- Chaja na umeme wa uhakika. Kujenga kerneli kwa betri iliyochoka ni kujitafutia kuanza upya.

Ujuzi wa C hauhitajiki zaidi ya kujua mkato unawekwa wapi. Weka vifurushi hivi:

sudo apt install build-essential git git-email bc bison flex libssl-dev libelf-dev libdw-dev alsa-utils alsa-tools-gui

Hatua

1. Hakikisha tatizo ni draiva kweli.

Fungua alsamixer, bonyeza F6 uchague kadi, kisha F4 uone njia za kuingiza sauti. Ukiona safu ya Headset Mic au Mic inayobadilika unapochomeka hedseti, pini inajulikana na shida yako ni sauti iliyofungwa: pandisha Capture, bonyeza kitufe cha nafasi (space) uiwashe, na kwenye safu yenye MM bonyeza M. Kama kuna Internal Mic peke yake, endelea.

2. Jua kadi yako na namba yake ya utambulisho.

cat /proc/asound/cards
lspci -nnk | grep -i -A3 audio

Kwenye laptopu nyingi za AMD kadi 0 ni ya HDMI, na ya spika ni kadi 1. Mimi nitaandika 0 hadi mwisho; wewe weka yako. Kwenye jibu la lspci tafuta mstari wa Subsystem. Mwisho wake kuna namba mbili ndani ya mabano ya mraba, tuseme 1025:1234. Ya kwanza ni kampuni: 1025 ni Acer, 1028 Dell, 103c HP, 17aa Lenovo, 1043 ASUS. Ya pili ni mashine yenyewe. Hiyo 1234 ni ya mfano tu, usiinakili.

Tazama pia mstari wa Kernel driver in use. Ukisoma snd_hda_intel, njia ni nyoofu. Ukisoma jina linaloanza na sof-audio, sauti inapitia DSP ya Intel (chipu ya kuchakata sauti) kwa draiva za SOF, na hatua ya 4 itakuwa na tofauti ndogo. Andika jina hilo kwenye karatasi.

3. Soma kodeki kabla ya kugusa chochote.

sudo alsa-info --no-upload

Itaandika faili ndani ya /tmp na kukutajia jina lake. Linakili faili hilo kwenye folda yako, kwa kuwa ndilo picha ya mashine ilivyokuwa kabla hujaichezea, na huwezi kuipata tena kirahisi. Kisha:

less "/proc/asound/card0/codec#0"

Juu kabisa utaona jina la kodeki, kwa mfano Realtek ALC255, na Vendor Id 0x10ec0255. Shuka hadi Node 0x19. Kwenye kodeki nyingi za kundi hili, maiki ya tundu iko pale. Kwenye laptopu ya mwalimu nilikuta hivi:

Pin Default 0x411111f0: [N/A] Speaker at Ext Rear
  Conn = 1/8, Color = Black

Soma taratibu. Kiwanda kinadai pini hii ni spika ya nje, mgongoni mwa mashine, yenye tundu jeusi, na kwamba haikuungwa. Laptopu gani ina spika ya nje mgongoni? 0x411111f0 ndiyo namba ambayo viwanda huijaza kwenye pini wasizotumia. Ukiikuta kwenye pini ambayo macho yako yanajua ina waya, umeipata kasoro.

4. Jaribu rekebisho ambalo tayari lipo.

Draiva ina marekebisho mengi yenye majina, na yanaitika bila kujenga chochote. Kwa tundu moja linalobeba hedifoni na maiki pamoja, anza na hili:

echo "options snd-hda-intel model=dell-headset-multi" | sudo tee /etc/modprobe.d/jaribio-sauti.conf
sudo update-initramfs -u

Usiogope neno dell kama mashine yako si Dell. Jina lilibaki kutokana na mashine ya kwanza iliyolihitaji. Kama hatua ya 2 ilikuonyesha sof-audio, mstari unakuwa:

options snd-sof-intel-hda-generic hda_model=dell-headset-multi

na kwenye kerneli za zamani kidogo moduli hiyo (kipande cha draiva) inaitwa snd-sof-intel-hda-common. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanaandika snd-hda-intel kwenye mashine ya SOF, hakuna kinachobadilika, wanahitimisha kwamba rekebisho halifai.

Zima mashine kabisa, hesabu hadi kumi, washa. Kisha:

sudo dmesg | grep -A9 autoconfig

Ukiona Headset Mic=0x19 mahali ambapo kwanza palikuwa na Internal Mic peke yake, umeshamaliza sehemu ngumu. Majina mengine ya kujaribu yako kwenye faili Documentation/sound/hd-audio/models.rst ndani ya msimbo wa kerneli. Jaribu moja moja, na kila mara zima kabisa.

5. Kama hakuna jina lililofaa, igeuze pini mwenyewe.

Fungua hdajackretask, chagua kodeki, weka alama kwenye Show unconnected pins. Pini zilizofichwa zitajitokeza. Kwenye 0x19 weka Override, chagua Microphone, halafu bonyeza Install boot override na uwashe upya. Apply now mara nyingi hukataa kwa sababu PipeWire, programu inayogawa sauti kwa programu nyingine, imeishika kadi, kwa hiyo usipoteze muda nayo.

Badilisha pini moja tu kwa wakati. Ukibadilisha tatu na maiki ikaamka, hutajua ipi ndiyo dawa, na kiraka chako kitabeba mizigo isiyo na sababu. Kumbuka pia kwamba kwenye tundu la pamoja, pini peke yake wakati mwingine haitoshi: kodeki inahitaji kuambiwa hedseti imeungwa kwa mpangilio upi, maana hedseti za zamani zilibadilishana nafasi ya maiki na ya ardhi. Marekebisho ya hatua ya 4 yanafanya kazi hiyo, pini tupu haifanyi.

6. Rekodi, sikiliza, rudia.

arecord -D plughw:0,0 -f cd -d 5 jaribio.wav
aplay jaribio.wav

Gonga maiki kwa ukucha, sema sentensi, chomoa hedseti, chomeka tena, rekodi tena. Jaribu spika baada ya kuchomoa: zimerudi? Laza mashine, iamshe, rekodi tena. Rekebisho linaloleta maiki na kuua spika si rekebisho.

Kama mashine ina Windows pembeni, usijaribu kwa kutoka Windows na kuingia Linux moja kwa moja. Windows huiacha kodeki imewekwa sawa, na Linux huikuta hivyo, ukadhani umeponya. Zima, ngoja, washa.

7. Chukua msimbo.

git clone --depth 1 -b for-linus https://git.kernel.org/pub/scm/linux/kernel/git/tiwai/sound.git
cd sound

Hii ni hazina ya msimbo ya Takashi Iwai, anayesimamia sauti kwenye kerneli pamoja na Jaroslav Kysela, mwanzilishi wa ALSA, mradi wa draiva za sauti za Linux, mwaka 1998. Tawi la for-linus ni la marekebisho yanayoingia kwenye toleo linaloandaliwa sasa. For-next ni la toleo litakalofuata. Kirekebisho kidogo kama chetu kinakaa kwenye la kwanza.

Kabla ya kuandika chochote, tafuta namba yako:

git grep -n -i "0x1025, 0x1234" sound/

Ikitokea, mtu amekutangulia na kerneli yako ni ya zamani tu. Sasisha kerneli, maiki itakuja yenyewe. Hiyo ni habari njema, usisikitike.

8. Ongeza mstari wako.

git grep -n alc269_fixup_tbl

Hadi kerneli 6.16 jedwali lilikuwa kwenye sound/pci/hda/patch_realtek.c. Kuanzia 6.17 limehamia sound/hda/codecs/realtek/alc269.c. Maelezo mengi mtandaoni bado yanataja faili la zamani. Jina alc269 lisikuchanganye: jedwali hilohilo linahudumia pia ALC255, ALC256, ALC257, ALC287 na nyingine za ukoo huo.

Kama ulitumia jina kwenye hatua ya 4, tafuta alc269_fixup_models kwenye faili hilohilo. Pale kila jina limekaa ubavuni mwa kitambulisho cha rekebisho lake. dell-headset-multi ni ALC269_FIXUP_DELL1_MIC_NO_PRESENCE. Kisha rudi kwenye jedwali, angalia majirani wa kampuni yako wenye kodeki kama yako wanatumia rekebisho gani. Kwa Acer zenye ALC255, wengi wanatumia hili:

SND_PCI_QUIRK(0x1025, 0x1234, "Acer Aspire XYZ", ALC255_FIXUP_ACER_MIC_NO_PRESENCE),

Ukilifungua rekebisho hilo utakuta kiini chake ni pini 0x19 kupewa thamani 0x01a1913c. Yaani mtu fulani alikuta uongo uleule wa 0x411111f0 kwenye mashine yake, akauandikia ukweli, na wewe leo unauazima. Ukiazima la jirani, lijaribu pia kwenye mashine yako, usitume ulilolikisia.

Mambo matatu yanayorudisha viraka vya wanaoanza. La kwanza, mpangilio: jedwali limepangwa kwa kampuni, kisha kwa namba ya mashine kutoka ndogo kwenda kubwa. Mstari wako ukae mahali pake, si mwishoni kwa sababu pana nafasi. La pili, mwanzo wa mstari ni tabo, si nafasi nane. La tatu, usiguse mistari ya wengine, hata ukiona imepinda.

9. Jenga kerneli na uijaribu.

Futa kwanza jaribio lako la zamani:

sudo rm /etc/modprobe.d/jaribio-sauti.conf

Na kama ulitumia hdajackretask, bonyeza Remove boot override. Kwa vyovyote, malizia na sudo update-initramfs -u. Usipofanya hivi utakuwa unajaribu faili lile la zamani huku ukidhani unajaribu kiraka. Nalisisitiza kwa sababu ndilo kosa linalopita bila kuonekana: kila kitu kinafanya kazi, unatuma kiraka, na kwa mwenzako hakifanyi kazi.

Chomeka sasa kila unachokitumia: flashi, modemu, na simu kama unapata intaneti kupitia waya wake. Amri ya localmodconfig inaziondoa moduli zote ambazo hazitumiki wakati huo. Usipochomeka simu, kerneli mpya haitaijua, nawe hutakuwa na mtandao.

cp /boot/config-$(uname -r) .config
yes "" | make localmodconfig
scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS "" --set-str SYSTEM_REVOCATION_KEYS ""
scripts/config -d DEBUG_INFO -d DEBUG_INFO_DWARF_TOOLCHAIN_DEFAULT -d DEBUG_INFO_DWARF4 -d DEBUG_INFO_DWARF5 -e DEBUG_INFO_NONE
scripts/config --set-str LOCALVERSION "-sauti"
make olddefconfig
make -j$(nproc)

Mashine ya zamani itachukua saa nyingi. Iache mezani, pawe na hewa chini yake. Ikimaliza:

sudo make modules_install
sudo make install

Zima Secure Boot kwenye BIOS, la sivyo kerneli isiyo na saini haitawaka. Kerneli yako ya zamani usiifute. Inabaki kwenye menyu ya GRUB, ile ya kuchagua kerneli mashine inapowaka, na ukikwama unarudi kwake. Ukishaingia kwenye mpya, uname -r ikuonyeshe -sauti mwishoni. Kisha rudia hatua ya 6 yote.

10. Andika ujumbe wa kiraka.

git checkout -b maiki-yangu
git add -u
git commit -s

Ujumbe ni wa Kiingereza kwa kuwa wasomaji wametapakaa dunia nzima, na Kiingereza chepesi kinatosha:

ALSA: hda/realtek: Enable headset mic on Acer Aspire XYZ

The headset mic on this laptop (ALC255, SSID 1025:1234) is not
detected because BIOS marks pin 0x19 as not connected. Use the
existing fixup to enable it.

Cc: stable@vger.kernel.org
Signed-off-by: Jina Lako <barua@pepe.yako>

Kile -s ndicho kinachoongeza Signed-off-by. Ni kiapo chako kwamba una haki ya kuitoa kazi hii, utaratibu uliowekwa mwaka 2004. Tumia jina unalojulikana kwalo. Mstari wa stable nao usiusahau: ndio unaofanya rekebisho lishuke hadi kwenye matoleo ya kerneli yanayotunzwa muda mrefu, na huko ndiko Debian na Ubuntu za watu wa kawaida ziliko. Bila huo, mwalimu wangu angesubiri sana.

11. Kagua, jitumie mwenyewe, kisha tuma.

git format-patch -1
./scripts/checkpatch.pl 0001-*.patch
./scripts/get_maintainer.pl 0001-*.patch

checkpatch ikilalamika, sahihisha. Ikilalamikia urefu wa mstari wa jedwali wakati majirani wako hivyohivyo, fuata majirani. get_maintainer itakupa anwani: wasimamizi wa sauti, linux-sound@vger.kernel.org, na orodha kuu ya kerneli.

Kama unatumia Gmail, nywila ya kawaida haitakubali. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kisha utengeneze nywila maalumu ya programu. Weka:

git config --global sendemail.smtpServer smtp.gmail.com
git config --global sendemail.smtpServerPort 587
git config --global sendemail.smtpEncryption tls
git config --global sendemail.smtpUser wewe@gmail.com

Jitumie mwenyewe kwanza:

git send-email --to=wewe@gmail.com 0001-*.patch

Fungua ulichopokea. Tabo zimebaki tabo? Kama ndiyo, tuma kwa anwani zote ulizopewa. Usibandike kiraka kwenye barua kupitia kivinjari, wala usikiambatishe kama faili. Kivinjari kinaharibu nafasi na kutuma HTML, na orodha za kerneli zinaikataa HTML kabla mtu hajaisoma.

12. Subiri, na jibu vizuri.

Ukiombwa kurekebisha kitu, jibu chini ya maneno yaliyonukuliwa, si juu yake, na shukuru. Sahihisha, kisha git commit --amend na git format-patch -v2 -1. Chini ya mstari wa vistari vitatu ndani ya kiraka eleza kilichobadilika. Wiki mbili zikipita kimya, kumbusha kwa heshima mara moja. Kiraka cha mstari mmoja mara nyingi hujibiwa kwa maneno machache tu kwamba kimeingizwa. Ufupi huo si dharau, ni mtu mwenye barua nyingi.

Ikikataa

Hakuna kadi kabisa, mipangilio inaonyesha Dummy Output. Hiyo si kazi ya jedwali. Kwenye mashine za SOF aghalabu firmware (programu ya ndani ya DSP) haipo: weka firmware-sof-signed kwenye Debian, au alsa-sof-firmware kwenye Fedora, uwashe upya.

Umeweka model na hakuna kilichobadilika. Soma cat /sys/module/snd_hda_intel/parameters/model. Jina lako lisipokuwepo, faili halikusomwa: rudia update-initramfs -u, au dracut -f kwenye Fedora. Likiwepo na bado kimya, rudi hatua ya 2 uangalie kama ni SOF.

Kiraka kimejengwa lakini rekebisho halishiki. Linganisha namba ya lspci na Subsystem Id iliyo ndani ya codec#0. Kwenye baadhi ya mashine hazifanani. Draiva huangalia ya PCI kwanza, na ikikuta jirani mwenye namba hiyo, inachukua rekebisho lake badala ya lako.

Headset Mic ipo lakini haichaguliwi yenyewe. Marekebisho ya aina ya NO_PRESENCE yanahusu maiki isiyoweza kujitangaza inapochomekwa. Ichague kwa mkono kwenye mipangilio ya sauti au pavucontrol.

Inarekodi mvumo mkubwa. Shusha Headset Mic Boost hadi sifuri ndani ya alsamixer, kisha pandisha Capture polepole.

Spika zinadata kila sauti inapoanza. Hiyo ni chipu inayozimwa ili kuokoa umeme; options snd_hda_intel power_save=0 huituliza.

Maiki ya ndani ndiyo isiyoonekana, na mashine ni AMD ya kizazi cha Ryzen 6000 au cha karibu nacho. Jedwali lake ni lingine, sound/soc/amd/yc/acp6x-mach.c, na linatambua mashine kwa majina ya kampuni na ya mashine au bodi yanayotoka kwenye sudo dmidecode, si kwa namba ya PCI. Kuanzia hatua ya 9 mambo mengi ni yaleyale.

Ni kadi ya nje ya USB. Nenda sound/usb/quirks.c na quirks-table.h, ukiwa na namba ya lsusb mkononi.